Kifukizo cha Ambilikile

Kaka yangu Ambilikile ana wapangaji kichwani. Ndivyo anavyowaita. Kliniki wana jina lao la ugonjwa, ambalo mama hawezi kulitamka, na kanisani wana jina lao, ambalo mimi sitaki kulitamka. Yeye anasema ni wapangaji: hawalipi kodi, hawafagii uwanja, wanafungulia redio mpaka alfajiri, na ukiwaambia wahame wanakuuliza wewe ni nani kwenye nyumba hii.

"Nikivuta, wanapunguza redio," aliniambia wakati mmoja. "Hawazimi, Tuli. Wanapunguza."

Basi alivuta. Aliwasha sigara kwa moto wa sigara iliyotangulia, akavuta mpaka kichungi, na zikimwishia aliokota vipande kando ya foleni ya malori yanayongoja kuvuka mpaka. Vidole vyake viligeuka rangi ya chai ya jana. Alikohoa mpaka akashika ukuta. Dawa zake alikuwa anameza, hilo mama alilisimamia kama askari, lakini sigara hakuna aliyeiweza.

Godoro lake liliungua, tukakata sehemu iliyoungua tukaligeuza. Likaungua tena, na safari hii moto ulipanda pazia, majirani wakang'oa dirisha kumtoa.

Baada ya moto huo ndipo Baba mdogo Zabron alipokuja kwetu Mpemba, nje kidogo ya Tunduma. Ni mdogo wake marehemu baba yetu, tena mzee wa kanisa; tangu baba afariki, neno lake ndilo linalofunga kikao chochote cha ukoo. Alisimama kwenye mlango wa chumba kilichoungua, mikono nyuma.

"Shemeji," alimwambia mama, "nyumba hii aliijenga kaka yangu. Sitangoja mwanawe aiteketeze na wewe ukiwa ndani. Aache sigara. Akishindwa, nampeleka mlimani."

Mlimani ni kambi ya maombi iliyoko Ileje, kule tulikotoka. Sisemi kwamba Mungu hayuko kule. Nasema kwamba getini wanakunyang'anya vidonge na kuvitupa chooni, na mgonjwa akisumbua anafungwa mnyororo kwenye nguzo mpaka akiri amepona. Ndugu yetu mmoja alikiri. Alirudi na makovu kwenye vifundo vya miguu, na tangu hapo hajamaliza sentensi.

"Nitashindwa," Ambilikile alisema kutoka uani, alikokuwa amekalia ndoo. "Baba mdogo, mwambie dereva asizime gari."

Hakuna aliyecheka isipokuwa mimi.

Nina diploma ya ustawi wa jamii, na nina duka la steshenari karibu na mpaka, Tunduma mjini, ambako pia nalala, kwa sababu ajira ya ustawi wa jamii haikunitafuta. Nachapa mikataba, maombi ya vibali, barua za kuombea mkopo na za kuombea msamaha. Wazambia huniletea maneno yao niwaandikie kwa Kiswahili kinachosimama wima. Neno la hovyo halitoki dukani kwangu.

Nilifunga duka nikaenda kituo cha afya kumwona Deus, muuguzi wa afya ya akili anayemhudumia kaka.

"Kila akija namwambia aache," Deus alisema. "Anaitikia vizuri kuliko wagonjwa wangu wote. Akifika getini namsikia anaomba kiberiti."

"Sasa mnampa nini cha kumsaidia kuacha?"

"Maneno." Alifungua viganja vyake vitupu. "Viraka vya nikotini nimevisoma chuoni, sijawahi kuvishika. Wagonjwa wa aina yake ndio wanaovuta sana, dada yangu, na ndio wa mwisho kusaidiwa. Sisi wenyewe tunasema, mwacheni, sigara ndiyo starehe aliyobakiwa nayo. Halafu tunawazika kwa sababu ya mapafu."

Nikamwuliza kuhusu zile sigara za umeme. Binamu yetu Clever anafanya biashara Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na nilishaiona mfukoni mwake.

Deus aliokota kalamu mezani, akaifunika. "Hiyo mimi sikuandikii, sina mwongozo wake. Nikotini ni ileile, itaendelea kumshika shati. Lakini kinachomla kifua ni moshi, na kinachounguza godoro ni moto. Tukimtoa kwenye hivyo viwili, hicho kingine tutakipunguza polepole. Na mlimani hatakwenda." Kisha akaninyooshea kalamu. "Ila sikiliza. Moshi wa sigara unaufanya mwili uiondoe dawa yake haraka, ndiyo maana tunampa dozi kubwa. Akiacha moshi, dozi hiyohiyo itamlemea, atalala kama gogo. Uje niipunguze. Na akirudia sigara, uje siku hiyohiyo niipandishe. Usikae nayo nyumbani."

Nilimwelewa. Mama naye nilimweleza, kwa Kiswahili, kisha kwa Kindali, lugha yetu.

Clever akavusha kitu chenyewe, pamoja na vichupa vya kimiminika chake. Yeye anakiita vepu. Lakini mbele ya Baba mdogo, vepu ni neno la vijana wa stendi, na sigara ya umeme ni sigara. Nilikaa na kalamu dukani, wateja wakisubiri. Kitu hiki hakiungui. Kinatoa mvuke. Na mvuke watu wetu wanaujua. Ni nani hapa hajawahi kufunikwa blanketi juu ya chungu cha majani, akitokwa na kamasi na jasho, mama yake akimwambia vuta, vuta ndani? Tunasema kujifukiza. Basi hiki ni kifukizo.

"Kifukizo," mama alirudia, akikigeuza kiganjani. Jina lake ni Enesi, anauza ndizi mbichi zinazoshuka kutoka Ileje. Kiswahili chake amekiokota sokoni, na maneno mengi yanapita kwanza kwenye Kindali kabla hajayakubali. Hili lilipita moja kwa moja. "Hiki nimekielewa. Cha kujifukiza."

"Ndiyo, mama. Moshi hamna."

Baba mdogo alikichukua, akakinusa. "Ndani yake kuna nini?"

"Kuna chaji," Ambilikile akamjibu.

Baba mdogo alimtazama, kisha akanitazama mimi. "Sawa. Lakini siku nikisikia harufu ya sigara kwenye nyumba hii, sitauliza swali. Nitakuja na gari."

Siku za mwanzo zilikuwa mbaya. Ambilikile alisema ni kama kunyonya kalamu. Alikitupa chini ya kitanda, akakitafuta, akakitupa tena. Alimtukana Clever, akawatukana Wazambia wote, kisha akaomba nimwombee radhi kwa Wazambia. Halafu, bila kutangaza, akaacha kuokota vipande barabarani.

"Wapangaji wanasemaje?" nilimwuliza.

"Wanalalamikia ladha. Wanataka embe."

Kisha ikaja ile aliyoisema Deus. Alilala mchana kutwa, akaamkia sahani ya ugali na kuilalia, udenda ukimtoka. Mama alinipigia simu akisema nimemlevya mtoto wake. Nilimpelekea Deus habari, dozi ikapunguzwa, na Ambilikile akaamka. Sijui namna nyingine ya kulisema. Alikaa mezani, akaomba chumvi, akaniuliza kwa nini nimekonda. Kikohozi kilipungua. Alianza kuosha vioo vya malori kwenye foleni, na madereva walimlipa kama mtu yeyote. Baba mdogo alikuja Jumapili moja akala karibu naye, akakubali hata kupokea bakuli la mboga kutoka mkononi mwake. Mama aliimba akipanga ndizi. Deus alianza kuzungumzia vichupa vyepesi zaidi, vyenye nikotini kidogo, ili mwishowe hata kifukizo chenyewe kiachwe.

Nilikuwa nakuja nyumbani Jumapili. Siku nyingine nilipiga simu, na mama alisema, "Tuko salama, mwanangu."

Msimu wa mahindi ulipoanza, kazi ya kuchapa vibali ilinishika na Jumapili zikanipita. Nilipiga simu. "Tuko salama." Hata nilipomwomba anipe Ambilikile, alisema kaka yako yuko barabarani, anaosha vioo.

Kisha Clever akapita dukani kuniomba samahani. Lori lake lilikuwa limekwama Kitwe wakati wote huo. Ndiyo kwanza amevuka. "Vichupa vya kaka vitakuwa vilishaisha zamani," alisema. "Mmepata wapi vingine?"

Nilifunga duka katikati ya barua ya mtu.

Nyumbani, harufu ilinipokea kabla ya mama. Mtu alikuwa ameosha chumba kizima kwa sabuni ya unga, na chini ya sabuni kulikuwa na sigara. Ambilikile alikuwa uani ameuelekea ukuta, akizungumza nao kwa sauti ya chini, kwa adabu, kama mtu anayejadiliana na mwenye nyumba. Aliponiona hakuniita Tuli. Aliniuliza kama nimetumwa.

Jikoni, kwenye rafu ya vikombe, nilikikuta kifukizo. Kilikuwa kimeungua mdomoni. Nilikifungua. Ndani mlikuwa na maji ya kijani yaliyochacha, na vipande vidogo vya jani. Nilinusa: mkaratusi, mchaichai, limau.

Mama alisimama mlangoni akijifuta mikono kwenye kanga.

"Mama. Nani ametia hivi?"

"Si ulisema ni cha kujifukiza?"

Nilikirudisha rafuni.

"Kimaji chake kiliisha," akaendelea, taratibu. "Clever haonekani. Kijana anatembea humu ndani kama ng'ombe aliyefungiwa. Nikaona, mbona hili naliweza? Nikachemsha majani kama nilivyowachemshia nyinyi wote. Nikachuja kwa kitambaa safi. Nikamtilia."

"Akavuta?"

"Aliniambia, mama, majani si chakula cha kitu hiki." Macho yake yalikuwa kwenye sakafu. "Nikamwambia, vuta, mwanangu, nimekiombea. Akavuta kwa ajili yangu. Akakohoa mpaka akatapika, na kile kitu kikatoa cheche. Kesho yake akaenda kwenye malori akaomba sigara."

"Lini hiyo?"

"Siku nyingi."

"Na dawa anakunywa ile iliyopunguzwa?"

"Ninampa kama alivyosema Deus. Sijakosea hata siku moja."

Hakukosea. Alimpa kila siku kidonge kidogo cha mtu asiyevuta, na kila siku moshi ulikifagia. Nilimweleza tena jambo lilelile nililomweleza mwanzoni, na safari hii nikaona linavyoingia, na nikatamani nisingelisema.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ukijua wewe, Deus atajua. Deus akijua, habari itatembea, Zabron atajua. Mlimani si mbali, Tuli. Nilisema nitamponya kwanza, halafu nitakwambia."

Deus alipandisha dozi siku iliyofuata. Alisema itachukua muda kushika, na kwamba kama hali itazidi atamwandikia rufaa ya Mbeya. Nilihamia nyumbani. Nilileta vichupa vya Clever na kifukizo kipya, lakini Ambilikile hakutaka kukigusa. Alisema wapangaji wamekiwekea sumu ya kijani, na kwa nusu yake hakuwa anadanganya.

Dawa haikuwahi. Asubuhi moja, nikiwa bafuni, alitoka akaenda barabara kuu. Foleni ya malori ilikuwa imefika kwetu. Alipita lori kwa lori akiwaamuru madereva wazime redio. Wengine walizima wakicheka, mmoja, Mzambia mtu mzima, alimwita kwa heshima, "Mukwai, nimezima, nenda ukapumzike." Yule aliyefuata akaongeza sauti. Ambilikile alichukua jiwe akapasua kioo alichokuwa amekiosha mwezi uliopita.

Walimpiga. Sitaeleza zaidi ya hapo. Walimfunga kamba za turubai wakamleta mpaka mlangoni kwetu, na mmoja wao aliniomba nirudishe kamba zao.

Kikao kilikaa alasiri ya siku iliyofuata, sebuleni. Baba mdogo alikaa kwenye kiti cha marehemu baba, na wazee wawili wa kanisa pembeni yake. Mama alikaa kwenye mkeka. Mimi kwenye stuli, karibu na mlango wa chumba cha Ambilikile, ambao Baba mdogo alikuwa ameufunga kwa nje.

"Ulituletea sigara," Baba mdogo alianza, "ukaivika jina zuri. Mimi si msomi, lakini najua kanzu haimfanyi mtu kuwa mchungaji. Kifukizo. Ulikaa ukalichonga neno hilo ili sisi wajinga tulimeze."

"Nililichonga ili mkielewe."

"Tulikielewa. Tumeona matunda yake, yamefungwa kamba."

Mzee mmoja alikohoa, akasema kwa upole kwamba hawakuja kunigombeza. Walikuja kutafuta njia. Njia yenyewe Baba mdogo aliieleza akihesabu kwa vidole. Jumapili nitasimama mbele ya kanisa. Nitaomba msamaha kwa kuwahadaa wazee. Nitasema kwa kinywa changu kwamba kile kitu pamoja na vidonge vya kliniki, kwa kuwa vyote vimetoka mkono mmoja, ndivyo vilivyomharibu kaka yangu. Baada ya hapo atapelekwa mlimani.

"Wa mlimani hawampokei mtu bila kauli ya mzazi," aliongeza. "Na shemeji hajatoa kauli. Anakusubiri wewe, msomi wake. Sema umekosea, ili mama yako apate amani ya kusema ndiyo."

Hapo nikaelewa kikao kiliitishwa kwa ajili ya nini. Nilimtazama mama. Uso wake ulikuwa umekwisha. Nilimwona anavuta pumzi, anashika ukingo wa mkeka.

"Shemeji," alisema. "Mnamwonea huyu mtoto. Kile kitu, mimi ndiye nili..."

Nilijua sentensi hiyo inakwenda wapi. Akiimaliza, Baba mdogo hatakuwa na haja ya neno langu tena. Atageukia mkeka, atamwambia, kumbe ni wewe, Enesi, umemtilia mwanao sumu kwa mkono wako, sasa mtoe kwa mkono huohuo. Na mama, kwa jinsi nilivyomjua, angemtoa. Angelipa deni hilo kwa kutamka ndiyo.

"Mama, nyamaza," nikasema.

Sikusema tafadhali. Sikulilainisha. Lilitoka kama mtu anavyomkemea mtoto anayeelekea kisimani.

Mama alifunga mdomo. Wazee wawili walitazamana. Baba mdogo aliinuka nusu, akakaa tena.

"Umemwambiaje mama yako?"

"Nimemwambia anyamaze."

"Mbele yangu. Mbele ya wazee."

"Ndiyo."

Kutoka nyuma ya mlango uliofungwa, sauti nzito ya Ambilikile, ya mdomo uliovimba, ilisema, "Hata wapangaji wangu wamenyamaza."

Ningecheka siku nyingine. Mama alianza kulia bila sauti, kanga imeziba mdomo, akinitazama juu yake, na sikuweza kujua kama ameelewa nimemzuia nini au anaona tu binti aliyemsomesha kwa ndizi akimfunga kinywa mbele za watu. Sikuwa na namna ya kumweleza bila kueleza yote.

"Mambo ya kanisa tuyaache kwanza," Baba mdogo alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na ilikuwa mbaya zaidi ikiwa chini. "Ya kifukizo tuyaache, ya vidonge tuyaache. Hili la sasa hivi halina kliniki wala mlima. Amekuzaa huyu. Piga magoti hapo kwenye mkeka, umwombe radhi, tushuhudie. Ukimaliza na mama, utamalizia na sisi, na Jumapili utamalizia na kanisa. Ni kitu kimoja tu, Tulinagwe. Ukianza, kitakwenda chenyewe."

Alikuwa sahihi. Kingekwenda chenyewe. Ndiyo maana nilibaki kwenye stuli.

"Kesho asubuhi nampeleka kaka Mbeya," nilisema. "Deus ameshaandika rufaa, jana hiyohiyo. Nitamtafutia na kitu cha kumtoa kwenye sigara tena, na nikikipata nitakipa jina ninalotaka."

"Sijakuuliza ya Mbeya. Nimesema piga magoti."

"Nimesikia."

"Basi?"

Mzee yule mpole aliniinamia. "Mwanangu, neno moja tu. Samahani. Halina uzito wowote."

"Lina uzito, mzee wangu. Ndilo mnalolitaka."

Mama alitikisa kichwa, kwangu au kwa ajili yangu, sikujua. Nilikaa mikono yangu ikiwa magotini, mgongo umeegemea mlango, na nyuma ya mlango nikisikia kifua cha kaka yangu kikipanda na kushuka kwa shida.

"Siombi radhi, Baba mdogo," nikasema. "Leo siombi, na Jumapili msinisubiri."